Daftari la Mizinga na Ukurasa Ulioliwa na Mchwa

Wewe unayenisikiliza, kama umewahi kufungiwa nje ya vitu vyako mwenyewe, kaa nami kidogo. Siku hizi watu wananisimulia habari za diski za kompyuta zilizofungwa kwa neno la siri kisha zikaharibika, mwenyewe akabaki ameshika kisanduku chenye mambo yake yote ndani na hana pa kuingilia. Mimi kompyuta nimezijua uzeeni. Lakini tatizo lenyewe nalijua tangu nikiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji cha ujamaa kando ya barabara ya kwenda Ulyankulu, na nilimwona kwa macho yangu mtu aliyejua namna ya kulitatua. Nitakueleza polepole. Hakuna hesabu humu inayozidi kutoa.

Darasa langu lilikuwa ghala la tumbaku, miezi ambayo halikuwa na tumbaku. Wanafunzi walikuja jioni wakitoka shambani, wakaketi juu ya magunia, na harufu ya majani makavu ikatuingia hata kwenye nywele. Miongoni mwao alikuwapo mjane mmoja aliyepita miaka hamsini, mke wa mlina asali aliyekuwa amefariki mvua za mwaka ule. Aliandika kwa taratibu ya ajabu. Kila herufi aliitazama ubaoni, akainama, akaichora, akainuka kuitazama tena kabla ya kuigusa inayofuata. Wenzake walimtania.

"Mama, hiyo herufi unaiandika au unaipika?"

"Naipika," alijibu bila kuinua kichwa. "Ya kwako ndiyo mbichi."

Jioni moja alibaki nyuma, akanisogezea debe lililofunikwa kwa kanga. Ndani mlikuwa na daftari la mumewe. Alisema, "Mwalimu, mizinga yake yote imo humu, na sijui pa kuanzia."

Nikueleze kwanza mumewe alikuwa nani. Ujanani alifanya kazi ya genge la reli upande wa Tura, kukaza njia na kubadilisha mataruma, yale magogo yanayolala chini ya vyuma. Aliporudi kwao alirudi na vitu viwili. Cha kwanza ni hatua isiyobadilika, kwa sababu mtu aliyetembea miaka juu ya mataruma hutembea kwa kipimo hata akiwa uani kwake. Cha pili ni penseli za zambarau za ofisi ya stesheni, zile ambazo zikiwa kavu huandika kama penseli ya kawaida, ukizilowesha zinageuka wino. Kisha akawa mlina asali, akatundika mizinga ya magome katika msitu wa miombo nyuma ya kaya yake, na kila mzinga akauandika daftarini. Watu walipohamishiwa kijijini kando ya barabara, kaya ile ikabaki nyuma, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Hakumaliza hata msimu mmoja huku. Aliugua, akafa.

Sasa, desturi ya walina asali wa pale ilikuwa hivi: mwenye mizinga akifa, mrithi wake huwaongoza wenzake msituni, kwa miguu yake mwenyewe, bila kuonyeshwa, mpaka kwenye kila mzinga. Hilo hufanyika kabla ya ulinaji wa kiangazi kuanza. Mzinga asioufikia unahesabiwa kuwa wa msitu, na atakayeuona kwanza ni wake. Mama huyu alikuwa na mabinti wawili walioolewa mbali. Yeye mwenyewe aliujua mzinga mmoja tu, uliokuwa juu ya mti wa mninga karibu na kaya, kwa sababu ndiko alikokuwa akimshikia mumewe mwenge wa moshi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekwisha kumwambia mbele ya watu, kwa upole lakini wazi: "Ndugu mama, kama ni mmoja, basi ni mmoja. Msitu haumjui mjane." Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Nililifungua daftari. Mchwa walikuwa wameingia debeni kutoka chini. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeliwa wote, kimebaki kipande cha kwenye mshono tu, na kurasa nyingine zilikuwa na matundu na udongo mkavu. Katikati ya udongo ule niliona mistari midogo. Kila mstari ulikuwa na alama, kama zile ambazo walina asali huchonga chini ya mizinga, kisha namba, kisha namba ya pili, na nukta upande mmoja, kulia au kushoto. Hapakuwa na neno hata moja.

Hapo nikafanya kosa langu. Mimi mwalimu, nisiyevumilia ubao mchafu, nilichukua kitambaa, nikakilowesha kidogo, nikafuta udongo.

"Mwalimu," alisema mama, "inachanua."

Penseli ya zambarau ilikuwa imekunywa maji. Mistari mitatu ilivimba mbele yetu ikawa madoa kama ya tunda la zambarau lililopasuka. Kwa hofu nililifunga daftari kwa nguvu nikalikandamiza kifuani, kana kwamba kulifunga kungerudisha yaliyotoka. Kisha nikalia. Ni yeye aliyenibembeleza. "Hujaua mtu, mwalimu. Yeye alikwisha kufa."

Jumamosi tukapanda lori la ushirika hadi mjini. Huko, mtaa wa Kanyenye, palikuwa na fundi mmoja mzee, mshona vitabu. Babu yake alipanda bara na misafara enzi zile, akirekebisha Misahafu ya wafanyabiashara, na kazi ikabaki nyumbani humo. Kwenye rafu yake Misahafu ilikaa juu, na chini yake vilipangwa vitabu vya nyimbo vya Wamoravian, rejista za shule, na Biblia moja kubwa ya Wakatoliki iliyokuwa ikingoja jalada. Wote walileta kwake. Alitusikiliza mpaka mwisho, akaliinua daftari kwa viganja viwili kama anayepokea mtoto mchanga.

"Nani amekiosha kitabu hiki?"

"Ni mimi, mzee."

"Umekiosha vizuri sana. Hata maandishi yametoka." Akaniangalia juu ya miwani. "Sasa, mwanangu, mikono yako iweke hapo mapajani, na usiitoe mpaka nikuambie."

Nimeona mafundi wengi maishani. Sijaona mikono mingine kama ile. Alikuwa na kijisu cha mfupa, kisicho na makali, laini kama ukucha. Alilaza daftari kivulini, mahali ambapo upepo hupita lakini jua haliingii, akaanza kuachanisha kurasa zilizogandana. Hakuvuta hata moja. Aliingiza mfupa, akangoja, akausogeza kidogo, akangoja tena. Ukurasa ukikataa, aliuacha akaenda kwa mwingine, kisha akarudi baada ya saa nzima kuukuta umelegea wenyewe. Udongo wa mchwa aliutoa kwa unyoya wa kuku. Tulilala kwa shangazi yangu Kanyenye hapo hapo, na ilituchukua siku mbili kabla daftari halijawa wazi lote, kurasa kumi na moja, mistari arobaini na mmoja.

"Sasa tutasoma," nilisema.

"Sasa tutanakili," alisema yeye. "Kitabu hiki kimebakiza safari moja. Tukikifunguafungua kutafuta maana, kitakwisha mikononi. Tutatoa nakala, nacho kitalala. Makosa yote tutayafanyia kwenye nakala."

Nilichukua kalamu kwa furaha, hiyo ndiyo kazi niliyoijua. Nilipomaliza mistari mitatu aliivuta karatasi yangu, akaweka kidole.

"Hapa umeandika sita. Iko wapi sita?"

"Inaonekana ni sita, mzee. Mstari wa juu pia una sita."

"Sikukuuliza inaonekana kuwa nini. Nimekuuliza umeona nini."

Nilitazama tena. Palikuwa na kijiti kilichopinda, na chini yake tundu la mchwa. Sita niliitia mimi. Akanyoosha mkono, akaichukua kalamu, akamgeukia mama.

"Na wewe unajua kusoma?"

"Kidogo sana, mzee. Polepole."

"Ndiye niliyekuwa namtafuta."

Nilichukia kidogo, nikiri. Lakini alinieleza bila kunidhalilisha, na nimelibeba jambo hilo katika miaka yangu yote ya kufundisha. Alisema mtu anayesoma kwa wepesi haandiki kilichoko kwenye karatasi, anaandika kilichoko kichwani mwake, na kichwa hakipendi tundu, hulijaza. Mtu anayejifunza hana cha kujazia. Anachora anachokiona. Kwa hiyo mama alinakili, na sharti likawa moja: asiwepo wa kubahatisha maana mpaka mstari wa mwisho uwe umenakiliwa. Palipoliwa, aache wazi. Panapotia shaka, achore shaka yenyewe.

Nilimtazama mwanafunzi wangu akifanya kazi ile. Alama, akainuka. Namba, akainuka. Kule ghalani taratibu yake ilikuwa inanichosha, nasema kweli. Pale Kanyenye niliona aibu kwa kuchoka kwangu, kwa sababu karatasi yake ilikuwa kama kivuli cha ile ya mumewe, hata mikwaruzo.

Ukafika ukurasa wangu, ule wa kitambaa. Madoa tu. Fundi hakuuhangaikia. Aliutazama ukurasa uliokuwa ukielekeana nao, uliokuwa mtupu, akaenda ndani akarudi na kioo chake cha kunyolea. Alikiegemeza, nasi tukainama. Kwenye ukurasa ule mtupu palikuwa na mistari mitatu ya zambarau iliyofifia, imegeuka nyuma mbele, na ndani ya kioo ilikuwa imenyooka, inasomeka.

"Penseli hii ilitengenezwa kwa ajili hiyo," alisema. "Zamani, kabla ya uhuru, nilikuwa tarishi wa ofisi. Makarani walilaza karatasi laini yenye unyevu juu ya barua, wakaikandamiza, wakapata nakala. Ulipolifunga daftari likiwa bichi, ulitoa nakala." Akacheka taratibu. "Umeharibu kwa kitambaa, ukaokoa kwa hofu. Siku nyingine anza na hofu."

Mama akanakili kutoka kwenye kioo. Mimi nami, kwa ubishi, nikanakili mistari ile mitatu pembeni kwenye karatasi yangu, nikaikunja kikapuni.

Ndipo fundi akaturuhusu kufikiri. Nilisema lazima namba ni hatua: kwanza hatua za kufuata njia, kisha hatua za kuiacha njia, na nukta ni upande. Alikubali. Lakini hatua kuanzia wapi? Bila shaka ukurasa wa kwanza ulisema, na ukurasa wa kwanza ulikuwa tumboni mwa mchwa.

"Mama," alisema fundi, "nieleze mumeo alivyokuwa akienda msituni. Anzia mlangoni."

"Alitoka akitania. Alikuwa mtu wa maneno sana. Tukifika kwenye jiwe langu la kusagia, lile kubwa mwisho wa uwanja, ananyamaza. Akishalipita jiwe hakujibu hata salamu. Mimi nilifuata nyuma nimebeba uji, nakanyaga nyayo zake hizo hizo, kimya. Ni mwiko wa asali, walina asali wana miiko mingi. Mara moja nilimwita akiwa amelipita, nikamwambia umesahau kisu. Alirudi mpaka kwenye jiwe, akaanza safari upya, amenuna, na kisu hakuchukua."

Fundi alicheka mpaka akavua kofia. "Mama, mumeo hakuwa na mwiko. Alikuwa anahesabu!"

Mama alihesabu kwa vidole. "Miaka ishirini," alisema. "Miaka ishirini nimenyamaza."

Kabla hatujaondoka fundi alitupa onyo. Mtu anayeogopa wezi kiasi cha kutoandika neno hata moja, alisema, haachi namba zake uchi. Atakuwa amezificha, na njia nyepesi ni kuongeza namba moja ya siri kwenye kila hesabu. "Mnaujua mzinga mmoja kwa hakika. Nendeni mkahesabu hatua za huo tu. Mnachokijua ndicho kitakachowafungulia msichokijua."

Twende polepole hapa, ndipo penye utamu. Tulikwenda kwenye kaya ya zamani. Nyumba zilikuwa zimekwisha kuanguka, nyasi zimeingia uwanjani, lakini jiwe lilikuwa pale, nani angelibeba? Mama alisimama juu yake, akafunga kanga vizuri, akaanza kutembea. Haukuwa mwendo wake. Ulikuwa mrefu, wa kipimo, mwendo wa mtu wa reli, aliouhifadhi miguuni kwa kufuata nyuma. Alihesabu moyoni kwa Kinyamwezi. Aliiacha njia upande wa kulia, akafika chini ya mninga.

"Mia moja sabini na sita za njia. Ishirini na nne za pembeni."

Chini ya mzinga ule palichongwa duara lenye mikato miwili. Alama hiyo ilikuwa kwenye ukurasa wa madoa, mstari wa pili. Nilitoa karatasi yangu kikapuni: mia mbili sabini na tatu, na sitini na moja, nukta kulia. Nikatoa. Namba ya kwanza ilizidi kwa tisini na saba, ya pili kwa thelathini na saba. Hazikulingana. Niliketi juu ya gogo, nikatoa tena, zikagoma vile vile. Nikafikiri daftari ni la uongo, au mimi nimeliua kweli.

"Tazama na yangu, mwalimu," alisema mama.

Yake ilisema mia mbili kumi na tatu. Pale mimi nilipoona saba kiooni, yeye alikuwa amechora kijiti kimoja na doa dogo pembeni yake, doa la wino tu. Mia mbili kumi na tatu, toa mia moja sabini na sita: thelathini na saba. Sitini na moja, toa ishirini na nne: thelathini na saba. Namba mbili tofauti zinapozidi kwa kiasi kile kile, si bahati tena. Huo ndio ufunguo, nao unajithibitisha wenyewe.

Nilimuuliza kwa nini mumewe alichagua thelathini na saba. Alianza kucheka, akajiziba mdomo na kanga. "Hayo ni ya nyumbani kwangu," alisema, na hakuniambia kamwe.

Tulijaribu mstari uliofuata. Mia nne na mbili ikawa mia tatu sitini na tano, hamsini na nane ikawa ishirini na moja, nukta kushoto. Akarudi jiweni, akatembea, mimi nyuma yake nikiwa nimebana hata kikohozi. Aliposimama alisimama mbele ya mti wa muyombo ambao nisingeutofautisha na miombo elfu mingine. Tukainua macho. Mzinga ulikuwa juu kabisa, mweusi, umelala kwenye panda, na nyuki wanaingia na kutoka.

Hakushangilia. Alisema, "Nimekuona," kwa sauti ndogo, na sikujua anamwambia nani.

Siku ya kuonyesha mizinga alikuja mwenyekiti na walina asali sita. Mama aliwasalimia vizuri, akataniana nao mpaka kwenye jiwe. Alipolipita, mwenyekiti akamwuliza kama ana hakika na njia. Kimya. Akamwuliza kama amechoka. Kimya. Mwenyekiti akanigeukia.

"Mwalimu, ndugu yetu amekasirika?"

"Ni mwiko, ndugu mwenyekiti," nilisema. "Mwiko wa asali."

"Ahaa." Akashusha sauti. Naye na wale sita, watu wazima, walimfuata kimya siku mbili nzima, wakikwepa hata kukanyaga vijiti. Aliwafikisha kwenye mizinga thelathini na minne. Mistari saba mchwa walikuwa wameila pabaya, hakuna ambaye angeisoma, na mizinga hiyo aliiachia msitu bila kunung'unika. Kwenye mti wa mwisho mwenyekiti alivua kofia, akaandika hesabu mbele ya wote, kisha akasema, "Ndugu mama, nilikosea. Msitu unakujua kuliko sisi." Msimu ule alilina na wenzake, moshi akishika mwenyewe.

Baadaye alinakili mistari yote upya kwenye daftari jipya, kwa taratibu yake ile ile. Jiwe na namba ya siri hakuviandika humo. Alisema mumewe alikuwa na akili nyingi na kosa moja, aliweka kufuli na ufunguo katika debe moja, mchwa wakavikuta pamoja. Viwili hivyo aliviandika kwenye karatasi ndogo, tukampelekea fundi, naye akaishona ndani ya jalada la kitabu cha nyimbo cha mama mwenyewe, kisha mama akampa binti yake mkubwa akakae nacho.

Basi fanya hivi leo. Chukua karatasi moja, andika neno lako la siri na mahali pa kuanzia, andika alama kwa alama kama unavyoiona, usiandike kwa kukumbuka. Ilinganishe mara mbili na ile uliyoinakili. Kisha itoe nyumbani kwako, uipeleke kwa mtu mmoja unayemwamini, na umweleze ni ya kufungulia nini.